Utungo unapovuka mpaka: Funzo la Namanga kwa wanalugha na wanatarakilishi

KITENZI kutunga kina kazi nyingi katika Kiswahili. Mtu hutunga shanga, hutunga samaki, hutunga maua, hutunga mashairi, na mwalimu naye hutunga mtihani. Ukichunguza utaona kwamba maana ya msingi ni moja tu: vitu vidogo vidogo vinapangwa kwa kufuatana hadi vinakuwa kitu kimoja. Si ajabu basi kwamba wanaisimu wetu walilichukua neno tungo wakalifanya istilahi ya jumla ya neno, kirai, kishazi na sentensi.

Nalirejelea neno hili leo kwa sababu wataalamu wa tarakilishi wanacho kitu kama hicho, nasi bado hatujakubaliana tukiiteje. Herufi zinazofuatana ndani ya programu, ziwe jina la mtu, namba ya gari au anwani, kwa Kiingereza huitwa string, yaani uzi. Wapo wanaosema "mfuatano wa herufi", ambao ni maelezo zaidi ya kuwa jina. Wapo wanaosema "kamba", na hapo msikilizaji huwaza mbuzi. Mimi napendekeza utungo. Mama anayeuza shanga Namanga ataielewa dhana hiyo kabla hujamaliza kumweleza: herufi ni shanga, programu ni mkono unaozitunga.

Sasa swali. Utungo ukitoka katika programu iliyoandikwa kwa lugha moja ya tarakilishi, ukaingia katika programu iliyoandikwa kwa lugha nyingine, unafika salama? Wengi watasema, "Kwani herufi si ni herufi tu?" Laiti ingekuwa hivyo! Historia ya jambo hili ni ndefu, ina hasara zake, na inafanana mno na historia ya Kiswahili chenyewe. Na mahali pazuri pa kuisimulia ni Namanga.

Mpaka ulipita hapo kwa rula. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuhusu mstari wa kutoka pwani, penye mto Umba, hadi Ziwa Viktoria, wakaupinda kidogo tu kuuzunguka Kilimanjaro. Wamaasai wakajikuta pande mbili za mstari ambao hawakuuchora. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1967, ilivunjika 1977, na Tanzania ikaufunga mpaka hadi 1983. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Umoja wa Forodha ukaanza kazi Januari 2005.

Kwenye karatasi mambo yalikuwa yamenyooka. Lakini kufikia wakati huo kila nchi ilikuwa na programu yake ya forodha, na programu hizo hazikuwa zote zimezaliwa na mama mmoja. Kenya ilianza kutumia mfumo ulioitwa Simba mwaka 2005, ambao chimbuko lake ni mfumo wa Senegal uitwao GAINDE. Jina hilo la GAINDE ni ufupisho wa maneno ya Kifaransa, lakini pia ni neno la Kiwolofu, na maana yake ni simba. Basi simba wa Dakar alivuka bara zima akafika Nairobi, akabadilishiwa jina tu. Tanzania ilitumia ASYCUDA++, kizazi kimojawapo cha mfumo uliobuniwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNCTAD miaka ya 1980 kwa ajili ya nchi za Afrika Magharibi. Mwaka 2014 ikauacha ikahamia TANCIS, uliojengwa kwa ushirikiano na Wakorea. Uganda nayo ikawa na ASYCUDA World, ambao umeandikwa kwa lugha ya Java.

Fikiria maana yake kwa lori linalotoka Athi River, likapita Kitengela, Kajiado na Bissil, likafika Namanga. Jina la dereva, jina la mwenye mali, namba ya lori na maelezo ya mzigo vimeshaandikwa upande mmoja. Upande wa pili ipo programu nyingine isiyojua lolote. Dawa ya zamani ilikuwa karatasi na vidole: karani anasoma, anaandika upya. Kila kuandika upya ni nafasi ya kukosea, na kila kosa ni saa za kusubiri juani. Ndipo ukabuniwa mfumo wa RADDEx, ambao kazi yake ilikuwa kuziwezesha mamlaka za mapato za kanda hii kupelekeana taarifa za mizigo moja kwa moja, taarifa zifike mpakani kabla ya lori.

Kupelekeana huko ndiko kulikorudisha swali letu. Ili utungo uvuke salama, pande mbili lazima zikubaliane kuhusu mambo matatu: utungo unaishia wapi, kila ushanga ni wa herufi gani, na nani mwenye uzi.

Tuanze na mwisho wa utungo. Binadamu akiona neno kwenye ukurasa anaona linapokoma. Tarakilishi haioni chochote. Kumbukumbu yake ni shanga zisizo na mwisho. Watunzi wa lugha za programu walilitatua tatizo hili kila mmoja kivyake. Lugha ya COBOL, iliyobuniwa 1959 kwa ajili ya shughuli za biashara na serikali, ilirithi mazoea ya kadi za matundu zenye safu 80. Kila taarifa ilipewa nafasi maalumu. Ukitenga nafasi 20 kwa jina la mji, Kitengela litachukua 9 na nafasi 11 zitajazwa utupu. Ukitenga nafasi 10, Oloitokitok litakatwa mkia libaki Oloitokito. Programu haitalalamika. Imetii amri.

Lugha ya FORTRAN, iliyotoka 1957, ilihesabu kwanza. Ukitaka kuandika NAMANGA, uliandika 7HNAMANGA: saba, kisha herufi saba. Aina ya Pascal iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha California, San Diego, katika miaka ya 1970, iliufuata mkondo huohuo wa kuhesabu: shanga ya kwanza katika utungo haikuwa herufi bali idadi. Na kwa kuwa shanga moja haiwezi kubeba idadi inayozidi 255, utungo nao haukuweza kuzidi hapo. Lugha ya C, aliyoitunga Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka hiyohiyo, haikuhesabu chochote. Ilifunga fundo mwishoni: sifuri. Soma mpaka ukutane na sifuri, kisha simama.

Sasa wakutanishe hawa wawili mpakani. Pascal inaipelekea C neno NAMANGA. Ushanga wa kwanza ni 7, ambayo kwa Pascal ni idadi. C haijui habari za idadi. Inaichukulia kuwa alama. Na katika jedwali la alama la ASCII, namba 7 ni amri ya kupiga kengele! Kwa hiyo C itapiga kengele, isome NAMANGA, kisha iendelee kusoma takataka zilizo mbele mpaka ibahatike kukuta sifuri. Geuza safari: C inaipelekea Pascal neno hilohilo. Pascal inaisoma N ya mwanzo kama idadi, na kwa kuwa N katika jedwali ni 78, inazoa shanga 78 zinazofuata. Neno ni moja, mji ni mmoja, herufi ni zilezile, na hakuna hata mmoja aliyekosea sarufi yake. Kilichokosekana ni mapatano.

Usidhani huu ni mchezo wa maabara tu. Novemba 1988 programu iliyotungwa na mwanafunzi wa Kimarekani, Robert Morris, ilienea katika maelfu ya tarakilishi za mtandao wa wakati huo. Mojawapo ya njia zake ilikuwa kupeleka utungo mrefu kuliko chombo cha kuupokelea, mahali ambapo lugha ya C haikujali urefu. Utungo ukafurika, ukafunika maagizo ya programu yenyewe. Zaidi ya miaka 25 baadaye, Aprili 2014, likagunduliwa pengo la Heartbleed. Hapo kosa lilikuwa la kinyume: mpokeaji aliamini idadi aliyotajiwa. Mtu alipeleka shanga chache akasema ni maelfu, na mashine ikamrudishia maelfu, yakiwemo maneno ya siri ya watu wengine. Mmoja aliponzwa na kutohesabu, mwingine na kuamini hesabu ya jirani.

Jambo la pili ni utambulisho wa kila ushanga, na hapa wanalugha tuko nyumbani. Tarakilishi haihifadhi herufi, huhifadhi namba. Jedwali la ASCII la mwaka 1963 lilisema A ni 65. Mwaka uliofuata kampuni ya IBM ikatoa mashine zake za System/360 na jedwali lake lenyewe la EBCDIC, ambamo A ni 193. Utungo ukitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine bila mkalimani, hugeuka kuwa ndimi za wageni.

Kiswahili kiliyapitia hayo kabla ya tarakilishi. Zipo barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwanzoni mwa karne ya 18, kwa hati za Kiarabu, ambazo zimehifadhiwa Goa nchini India. Hati hizo zilikuwa na alama tatu za irabu kwa lugha yenye irabu tano. Alama ileile ilisomwa u au o, nyingine i au e. Kwa hiyo kuku, koko na kuko ziliweza kuandikwa sawasawa, na bata akawa jirani wa pata kwa kukosekana herufi ya p. Msomaji wa Lamu au Mombasa alielewa kwa kuwa alikuwa na muktadha kichwani. Karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa alitia alama za ziada ili sauti zisipotee. Alikuwa anapanua jedwali, kama tungesema leo.

Wamisionari walipoleta hati za Kilatini hawakuja na jedwali moja. Krapf mwaka 1850 aliita lugha hii "Kisuaheli" na akajikita katika lahaja ya Mombasa. Steere, miaka 20 baadaye, akaandika kutoka Unguja. Mkutano wa Dar es Salaam wa 1925, ule wa Mombasa wa 1928 ulioichagua Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi Januari 1930, yote hayo yalikuwa mapatano ya kupelekeana maandishi. Kitabu kichapwe Nairobi kisomwe Dodoma bila mkalimani. Wapo waliodhulumiwa na uamuzi ule, hasa watu wa Kimvita na Kiamu, na malalamiko yao yana haki. Lakini kazi ya kamati ile ndiyo kazi ya kila jopo linalokaa kupanga jedwali la herufi za tarakilishi.

Matokeo yake ni bahati iliyoje! Tahajia tuliyopewa haina herufi yenye kofia wala mkia. Kiswahili chote kinaingia ndani ya ASCII yenye nafasi 128. Kifaransa hakiingii. Gĩkũyũ hakiingii, kwa sababu ya ĩ na ũ. Simba wa Senegal mwenyewe, ambaye Wafaransa humwandika Gaïndé, alivuliwa alama zake alipoingia kwenye tarakilishi. Ilibidi kungoja Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 1991 likiwa na nia ya kumpa kila mwandishi duniani namba zake, na UTF-8, namna ya kuzipanga namba hizo ambayo Ken Thompson na Rob Pike waliibuni Septemba 1992. Ubora wa UTF-8 ni adabu yake: herufi za ASCII inaziacha zilivyo, kwa hiyo programu kongwe haishtuki.

Lakini Kiswahili kina alama moja iliyojificha: ritifaa. Ndiyo inayotenga ng'oa na ngoa. Kwa Wakenya ndiyo inayotenga jina la ukoo na kelele tu: Ndung'u, Ng'ang'a, Wang'ombe, Nyong'o. Na ritifaa, kwa bahati mbaya, imeajiriwa kazi nyingine na watunzi wa programu.

Katika lugha ya SQL, inayotumika kuhifadhi na kutafuta taarifa, ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga utungo. Programu iliyoandikwa kizembe ikipewa Ndung'u itaona utungo umekwisha kwenye Ndung, halafu u moja imebaki nje, yatima. Ama itakataa, ama itaharibika. Waovu nao wamejifunza kuutumia mwanya huo kupenyeza amri zao mahali palipotarajiwa jina. Waayarishi wenye majina kama O'Brien wanalia kilio hikihiki.

Basi tazama upande wa forodha. Katika miaka ya 1980 Umoja wa Mataifa ulisimamia kiwango cha EDIFACT cha kupelekeana nyaraka za biashara, bandari na forodha baina ya tarakilishi zisizofanana. Kwa kawaida yake, kila kipande cha ujumbe hufungwa kwa alama gani? Ritifaa! Anayetaka kuiandika ndani ya jina ni lazima aitangulizie alama ya kuuliza: NG?'ANG?'A. Waliokaa kupanga kiwango hicho waliiona ritifaa kama alama isiyo na kazi kubwa. Laiti angekuwepo mtu mmoja wa kuwaambia kwamba katika lugha zetu ile ni sehemu ya herufi!

Isitoshe, ritifaa zenyewe ni zaidi ya moja. Ipo iliyonyooka ya taipureta, ipo iliyopinda ambayo simu hukuwekea bila kukuuliza, na ipo ya tatu ambayo Unicode inaihesabu kuwa herufi. Kwa jicho ni mamoja. Kwa mashine ni watu watatu tofauti. Ile iliyopinda huchukua shanga tatu katika UTF-8, na programu inayotumia jedwali la zamani la Windows ikizisoma, ng’ombe hugeuka ngâ€™ombe. Msomaji umeshamwona mnyama huyo mtandaoni. Katika arafa ritifaa hiyohiyo iliyopinda haimo kwenye jedwali la kawaida la simu, hivyo inaulazimisha ujumbe mzima kubadili msimbo, na nafasi 160 zinashuka hadi 70.

Jambo la tatu, la mwenye uzi, nitalipitia kwa haraka. Katika C mwenye kuomba kumbukumbu ndiye wa kuirudisha. Katika Java ipo huduma ya kufagia. Programu mbili zikishika utungo mmoja, mmoja akautupa huku mwenzake bado anausoma, ni balaa. Ndiyo maana wajuzi hupendelea kutoa nakala: chukua chako, nibaki na changu. Baina ya nchi mbili hilo si ufundi tu, ni suala la mamlaka.

Suluhisho la jumla ambalo dunia imelifikia ni la kilugha. Badala ya kila programu kujifunza lugha ya kila mwenzake, zote zikubaliane juu ya lugha ya tatu: XML, iliyoidhinishwa 1998, au JSON iliyofuata. Hesabu yenyewe ni rahisi. Nchi tano zikizungumza wawili wawili, zinahitaji njia 10. Leo Jumuiya ina nchi nane, na njia zingekuwa 28. Zikiwa na lugha moja ya kati, kila nchi inajifunza moja tu. Hii ndiyo kazi ambayo Kiswahili kimeifanya sokoni kwa karne nyingi kabla hajazaliwa mwanatarakilishi wa kwanza. Mmaasai wa Longido na Mkamba wa Machakos hawakuhitaji kujifunza lugha ya mwenzake ili wauziane ng'ombe.

Hata lugha ya kati nayo hudai mapatano. Ukivuka Namanga kuelekea Arusha, tarakilishi inageuka kompyuta na rununu inakuwa simu ya mkononi. Jina la mji wa jirani ni Bissil kwenye bango moja na Ilbisil kwenye jingine. Kuna anayeandika Loitokitok na anayeandika Oloitokitok. Sisi tunatabasamu na kuendelea. Programu hailinganishi maana, inalinganisha ushanga kwa ushanga, na ushanga mmoja ukitofautiana inasema: hawa si mmoja.

Hapo ndipo penye uzito. Tarehe 1 Desemba 2018 marais Uhuru Kenyatta na John Magufuli walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Namanga, ambapo msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, na maafisa wa nchi mbili wakamhudumia chini ya paa moja. Ukuta umepungua. Lakini tuseme dereva ana kitambulisho kinachosema Ndung'u, leseni inayosema Ndungu kwa kuwa fomu ilikataa ritifaa, na cheti cha bima chenye ritifaa iliyopinda. Kwa mama yake ni mtoto mmoja. Kwa programu tatu ni wanaume watatu, na mzigo wa kuthibitisha kwamba ni mmoja unamwangukia yeye, si aliyeandika programu. Jina la mtu ndilo utungo wa kwanza anaopewa duniani. Si haki mashine ilikate ritifaa kisha mwenyewe ndiye aombwe maelezo.

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, kila programu ya umma ijaribiwe kwa majina yetu halisi, yenye ng', yenye ĩ na ũ, yenye "ole" katikati, kabla ya kuzinduliwa. Pili, majopo yanayopanga viwango vya kupelekeana taarifa katika Jumuiya yawe na mwanaisimu mezani tangu siku ya kwanza, kwa kuwa swali la alama ipi ni herufi na ipi ni kitenganishi ni swali la fonolojia kabla ya kuwa la uhandisi. Tatu, vyuo vyetu vifundishe somo hili kwa Kiswahili, kwa istilahi zinazoeleweka: utungo, fundo, ushanga, jedwali. Anayejua kwamba samaki waliotungwa bila fundo mwishoni huchopoka amekwisha kuielewa nusu ya somo.

Waliokutana Mombasa 1928 walibishana kuhusu herufi kwa sababu walijua kwamba maandishi yasiyo na mapatano hayafiki mbali. Walioandika programu za forodha wamejikuta wakibishana mambo yaleyale, ila kwa namba. Tofauti ni kwamba safari hii wasemaji wa lugha tungali hai, tena tuko wengi, na hatuna kisingizio cha kutokuwepo mezani.